Msimu wa DCI: uwanja wa shule, mji mkubwa, Indianapolis au sebuleni kwako?

Mwanao anapiga tarumbeta kwenye bendi ya shule na tangu Mei hana habari nyingine ila DCI. Au shemeji anakuja kutoka Dar mwezi wa saba na unatafuta cha kumwonyesha zaidi ya maduka. Au ni wewe mwenyewe: umekutana na kipande cha video, vijana zaidi ya mia moja na hamsini wanakimbia kinyumenyume huku wanapuliza, ukasema hiki lazima nikione kwa macho. Ukifungua ratiba ya Drum Corps International (DCI), shirika linaloendesha mashindano haya ya vikosi vya tarumbeta na ngoma, unakuta maonyesho yametapakaa Marekani nzima, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi wiki ya pili ya Agosti. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama.

Kwa ambaye hajawahi kuona: chukua matarumbeta ya harusi, yape nidhamu ya gwaride la jeshi, kisha yaingize katikati ya halaiki ya sherehe za Uhuru. Hapo utakuwa umekaribia. Vikosi vikuu vina vijana wasiozidi miaka 22. Wapulizaji wanatumia vyombo vya shaba peke yake, hutaona filimbi wala saksafoni. Kuna wapiga ngoma wanaotembea nazo uwanjani, kuna safu ya marimba na ngoma kubwa iliyotulia mbele, na kuna wacheza bendera, ambao pamoja na bendera hurusha bunduki za mbao na vitara hewani na kuvidaka bila kuangalia. Onyesho ni la dakika kumi hadi kumi na mbili, kwenye uwanja wa mpira wa Kimarekani, mbele ya majaji. Mashindano ya ubingwa yalianza mwaka 1972 huko Whitewater, Wisconsin.

Alama ni 100. Arobaini zinatolewa kwa jinsi onyesho zima linavyomgusa mtazamaji, thelathini kwa muziki, thelathini kwa mwonekano. Huhitaji kujua zaidi ya hapo ili kufurahia.

Nimepima kwa vigezo gani

Kwanza, utasikia nini na utaona nini. Pili, onyesho limeiva kiasi gani, maana kikosi cha Juni na kikosi kile kile cha Agosti ni vitu viwili tofauti: vijana wanaendelea kujifunza na walimu wanaendelea kubadilisha vipande msimu mzima. Tatu, siku yenyewe inakwendaje: saa ngapi, jua, mvua, watoto, wazee. Nne, mfuko. Tano, utawakaribia vijana kiasi gani, kwa sababu nusu ya raha iko nje ya uwanja, kwenye maegesho ya mabasi wanakopasha kabla ya kuingia.

Kuna jambo moja nalitanguliza kwa sababu linavuka chaguo zote: kiti. Watu huhangaika kuchagua mashindano, halafu wananunua kiti chochote. Mimi ningefanya kinyume. Maonyesho haya yamechorwa yatazamwe kutoka juu, katikati, upande wa mbele, karibu na mstari wa yadi 50. Majaji wengi wako huko huko juu. Ukikaa safu za chini utaona jasho, nyuso na vidole, lakini maumbo yanayotembea uwanjani yatakuwa kichaka tu cha watu, na spika za marimba zitakufunika tarumbeta. Ukikaa pembeni karibu na goli, muziki unakufikia umechelewa upande mmoja. Kiti cha juu katikati kwenye shindano la kawaida kinashinda kiti cha pembeni kwenye fainali. Tofauti ni kwa anayekuja kumtazama mtu wake mmoja uwanjani. Huyo akae chini, atamwona vizuri.

Chaguo la kwanza: onyesho la mji mdogo, uwanja wa shule

Haya ndiyo mengi zaidi kwenye ratiba. Vikosi sita, saba, pengine vinane, jioni moja, kwenye uwanja wa shule ya sekondari au chuo.

*Sauti na mwonekano.* Uwanja wazi hauna mwangwi. Sauti inatoka kwenye chombo inakuja kwako moja kwa moja, hairudi kutoka ukutani. Jukwaa la shule ni fupi, kwa hiyo hata ukikaa safu ya mwisho juu hutaona maumbo yote kama inavyotakiwa. Fidia yake ni nguvu. Wapulizaji sabini na kitu wanapogeuka kwa pamoja na kukuelekezea midomo ya tarumbeta, wewe uko hatua chache tu kutoka kwao. Shati linatetemeka kifuani. Mtoto mdogo mtafutie vizibo vya masikio, si mzaha.

*Onyesho lenyewe.* Inategemea tarehe. Mwisho wa Juni utakuta kikosi bado hakijavaa mavazi kamili, au onyesho linakatika ghafla kwa sababu sehemu ya mwisho haijafundishwa. Alama za wakati huo zinaweza kuwa za sitini au sabini na kitu, kwa kikosi ambacho Agosti kitafika tisini. Wapo wanaoona hii ni kupunjwa. Wapo, na mimi nimo, wanaopenda kuona kitu kikiwa bado jikoni.

*Siku inavyokwenda.* Kwa kawaida huanza saa moja jioni na saa nne usiku mmeshamaliza. Mabenchi ni ya alumini, hayana mgongo, na Julai yanakuwa yameshika moto. Beba mto au shuka la kukalia. Adui mkubwa ni radi. Ikionekana karibu, jukwaa lote linaondolewa watu, mnasubiri ndani ya magari, na ikikataa kuondoka onyesho linafupishwa au linavunjwa. Tiketi kwa kawaida hairudishwi. Kama unasafiri saa nne barabarani kwa ajili ya onyesho moja la nje, tazama utabiri wa hali ya hewa kabla ya kuwasha gari.

*Mfuko.* Hapa ndipo pa bei nafuu kuliko mashindano mengine yote. Chakula mara nyingi kinauzwa na wazazi wa shule, na fedha inakwenda kwenye bendi ya shule hiyo.

*Ukaribu.* Hakuna kinachofikia hapa. Fika saa tisa au saa kumi alasiri, zunguka nyuma ya shule. Utakuta wapiga ngoma wamesimama nusu duara, spika moja inatoa mlio wa kuhesabu mapigo, vijiti vyote vinapanda kimo kimoja na kushuka kama vimefungwa uzi. Watu wanasimama mita tatu kutoka kwao, bila tiketi. Kuna lori la jiko, ambapo wazazi wa kujitolea wanapika milo minne kwa siku kwa ajili ya kikosi kizima, na mabasi ambayo vijana watapanda usiku huo huo kwenda mji mwingine, kulala sakafuni kwenye ukumbi wa michezo wa shule nyingine. Adabu ni rahisi: usikate katikati ya duara, usimsemeshe kijana akiwa mstarini.

Linamfaa anayekuja kwa mara ya kwanza na hajui kama atapenda, mwenye watoto wadogo ambao saa tatu ndiyo mwisho wa uvumilivu wao, na mwenye bajeti ndogo. Halimfai anayetaka kuona vikosi vyote vya juu siku moja.

Chaguo la pili: shindano kubwa la mkoa

Mfano ni San Antonio, ndani ya Alamodome, na Atlanta, ndani ya Mercedes-Benz Stadium. Yote mawili huangukia nusu ya pili ya Julai, na hapo ndipo vikosi vikubwa kutoka pande zote hukutana kwa mara ya kwanza kwa wingi. Kabla ya hapo kikosi cha California na kikosi cha Ohio vinaweza kuwa havijaonana kabisa.

*Sauti na mwonekano.* Kwa macho, hapa unapata ulichokikosa shuleni: viti virefu, unaona umbo zima linavyojikunja na kujifungua. Kwa masikio, kuna gharama. Paa linarudisha sauti, hasa ngoma. Pigo moja unaweza kulisikia mara mbili. Kadiri unavyokaa katikati ndivyo unavyosumbuka kidogo. Ukiwa pembeni juu kabisa, vipande vya kasi vinageuka ugali.

*Onyesho lenyewe.* Limeiva kwa sehemu kubwa. Mavazi yapo, mwisho upo, japo walimu bado wanang'oa na kupanda. Matokeo ya hapa yanazungumzwa sana, kwa sababu ni mara ya kwanza majaji wale wale kuwaona wakubwa wote ndani ya siku moja.

*Siku inavyokwenda.* Ni siku nzima, kuanzia mchana hadi usiku, vikosi ishirini na zaidi. Kiyoyozi kinafanya kazi, mvua haikuhusu, vyoo ni vya kutosha. Mzee wa miaka sabini atakaa hapa vizuri kuliko kwenye benchi la alumini, mradi usimlazimishe kukaa tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Wanatumbuiza kwa kufuata daraja na alama, wa chini wakitangulia, kwa hiyo anayechoka upesi aje saa za jioni. Lakini vikosi vya mchana visidharauliwe. Vina vijana wa miaka kumi na sita wanaojitoa roho mbele ya viti vitupu, na wanastahili makofi kuliko wote.

Mlangoni kuna sheria ya mkoba: viwanja hivi vinataka begi la plastiki linaloonyesha kilicho ndani. Mkoba wa kawaida wa mama utarudishwa kwenye gari. Atlanta pia hawapokei fedha taslimu, ni kadi tu.

*Mfuko.* Tiketi ni ghali kuliko ya shule, ila ukigawanya kwa idadi ya vikosi unaweza kukuta umelipa kidogo zaidi kwa kila onyesho. Kinachouma ni maegesho na hoteli. Atlanta ina nafuu yake: treni ya MARTA inatoka uwanja wa ndege hadi karibu na uwanja, na kwa ndugu zetu wengi wa Clarkston na vitongoji vya jirani hii ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, bila hoteli.

*Ukaribu.* Kupasha kunafanyika, lakini vikosi vimetawanyika kwenye maegesho mbalimbali na umbali wa kutembea juani si mdogo. Utachagua: ama ufuate kikosi kimoja nje, ama ukae ndani uone wengine wanne. Kwa wengi, kukaa ndani ndiko kwenye faida hapa.

Linamfaa anayetaka kuona wengi kwa safari moja lakini hawezi kupata likizo ya Agosti, na familia yenye wazee au mtu asiyevumilia joto.

Katikati ya chaguo hili na lile la kwanza kuna Allentown, Pennsylvania. Kwa miaka mingi mwanzoni mwa Agosti vikosi vimegawanywa usiku mbili, Ijumaa na Jumamosi, kwenye uwanja wa wazi. Unapata onyesho lililoiva na sauti isiyo na mwangwi kwa pamoja. Ukiwa New York, New Jersey au Maryland, anza kupiga hesabu zako hapo kabla ya kuangalia kwingine.

Chaguo la tatu: wiki ya fainali, Indianapolis

Tangu 2009 fainali zimekuwa Lucas Oil Stadium, katikati ya jiji. Alhamisi ni mchujo, Ijumaa nusu fainali, Jumamosi fainali ya vikosi 12.

*Sauti na mwonekano.* Huu nao ni uwanja wa paa, na niliyosema kuhusu mwangwi yanabaki. Unavyopanda viti vya juu ndivyo picha inavyokuwa safi na sauti inavyokuwa mbali. Ukiwa na fedha ya kununua kiti kimoja kizuri mwaka mzima, ngazi ya kati, karibu na yadi 50, ndipo pa kuiweka.

*Onyesho lenyewe.* Hakuna toleo bora kuliko hili. Vijana wamelirudia tangu masika, saa kumi na mbili kwa siku, na sasa wanajua wanalicheza kwa mara ya mwisho. Mshindi kwa kawaida anazidi alama 97. Rekodi ni 99.65 ya Blue Devils wa Concord, California, mwaka 2014. Na tofauti huwa ndogo hadi inatia uchungu: mwaka 2008, fainali zilipofanyika Bloomington, Indiana, Phantom Regiment wa Illinois waliwapita Blue Devils hao hao kwa alama 0.025. Mwaka 2025 Boston Crusaders, waliokuwapo tangu DCI inaanzishwa, walichukua ubingwa wao wa kwanza. Walioshuhudia watalizungumza hilo hadi wazeeke.

*Siku inavyokwenda.* Alhamisi ni ndefu mno, tangu asubuhi hadi usiku, vikosi vyote, wakubwa kwa wadogo. Jumamosi ni ya usiku tu na inaisha na vikosi vyote vikiwa vimepangwa uwanjani, alama zikisomwa kutoka wa kumi na mbili hadi bingwa. Usikimbilie gari kabla ya hapo.

Wasiozoea hushangaa tabia ya watazamaji. Kwenye mwambao wetu, enzi za mashindano ya beni, ulikuwa Marini au ulikuwa Arinoti; kumpigia makofi mpinzani ilikuwa kama usaliti. Hapa watu wana timu zao, fulana wanavaa, lakini wanasimama na kushangilia kila anayefanya vizuri, na kuzomea hakupo. Pia huwezi kuingia wala kutoka kwenye viti onyesho likiendelea. Mhudumu atakuzuia mlangoni hadi limalizike, hata kama chipsi zako zinapoa. Kurekodi onyesho zima kwa simu ukiwa kitini nako hakuruhusiwi.

*Mfuko.* Hakuna kificho, hapa ni ghali: tiketi ya Jumamosi, hoteli zinazojaa mapema, maegesho ya katikati ya jiji. Njia ya wajanja ni Alhamisi. Tiketi yake ni nafuu, unaona vikosi vyote, pamoja na wale 12 watakaorudi Jumamosi, na onyesho ni lile lile kasoro presha ya mwisho. Na kwa kuwa Indianapolis na miji ya jirani ina Wakongo na Watanzania wengi, anza kwa kuuliza nani ana kochi kabla ya kufungua programu ya hoteli.

*Ukaribu.* Ni wa wastani. Vikosi vinapasha kwenye maegesho na viwanja vya karibu, na umati unaowafuata ni mkubwa, hivyo utaona visogo vya watu. Kitu ambacho hakipatikani kwingine ni jiji lenyewe: kwa siku tatu kila lifti, kila mgahawa una kijana mwenye alama ya jua ya glavu mkononi.

Inamfaa anayejua tayari kwamba anaipenda sanaa hii, mwenye mtoto au mpwa kwenye kikosi, na anayefurahia ushindani wenyewe. Kwa anayekuja mara ya kwanza, mimi ningesita. Vikosi kumi na viwili bora kwa mfululizo vinamchosha mtu ambaye bado hajajua atazame wapi.

Chaguo la nne: sebuleni

Mashindano mengi yanaonyeshwa moja kwa moja kwa malipo kupitia FloMarching, tovuti ya kurusha video za bendi.

*Sauti na mwonekano.* Kamera inakuonyesha kile ambacho hakuna kiti kinachoonyesha: vidole, macho, kitara kikidakwa. Lakini kamera ndiyo inayokuchagulia, na mara nyingi iko kwenye uso wa mpiga ngoma mmoja wakati uwanja mzima umegeuka umbo jipya. Sauti kwenye spika ya simu haina maana yoyote. Unganisha na redio kubwa au tumia visikizio.

*Onyesho na siku.* Unaweza kufuata msimu mzima na kuona kikosi kimoja kikikua wiki baada ya wiki, kitu ambacho msafiri wa onyesho moja hakipati. Kwa aliyeko Nairobi au Muscat, saa ndiyo shida: onyesho la saa mbili usiku Indianapolis ni saa tisa usiku Nairobi na saa kumi alfajiri Muscat.

*Mfuko na ukaribu.* Malipo ya usajili ni madogo ukilinganisha na safari. Ukaribu haupo, basi.

Linamfaa aliye mbali, mwenye mtoto mchanga, na anayetaka kujifunza kutazama kabla ya kulipa nauli.

Kwa hali yako

Kama una gari, watoto wawili na Jumamosi moja tu, tafuta onyesho la shule lililo ndani ya saa mbili kutoka kwako, la katikati ya Julai, si Juni. Watoto wataona ngoma kwa karibu, na likivunjwa na radi hamjapoteza hoteli.

Kama mgeni amekuja kwa wiki mbili za Julai na uko Texas au Georgia, mpeleke kwenye shindano kubwa, muingie saa kumi jioni, viti vya katikati. Kama uko Midwest, majimbo yanayoizunguka Indiana, na mgeni anaondoka Agosti, Alhamisi ya Indianapolis.

Kama unabishana na mwenzako kuhusu fedha, mmoja anataka fainali na mwingine haoni sababu, nendeni onyesho la shule kwanza mwaka huu. Asiyetaka akiwa ndiye anayeuliza matokeo njiani kurudi, mwakani nunueni mapema.

Kama shida yako ni joto, presha au magoti, chagua paa na kiti kisicho na ngazi nyingi, na umwambie muuza tiketi hivyo wakati wa kununua. Kama shida yako ni makelele, baki na skrini, au kaa juu kabisa.

Na kama mtoto hataki tu kutazama, anataka kujiunga, basi chagua kwa kigezo cha ukaribu peke yake. Nenda mapema, mpeleke kwenye maegesho aone kazi ilivyo, kisha mpite kwenye meza wanazouzia fulana. Wanaouza mara nyingi ni wazazi wa kikosi. Waulize mambo matatu: ada ya msimu, ambayo ni maelfu ya dola; msaada wa ada kwa wasioweza; na usaili unaanza lini, maana vikosi vingi huanza kuwapima vijana kabla mwaka haujaisha. Fulana moja ukinunua, fedha inaingia kwenye mafuta ya lile basi.